Mkwe wa Kisiwa Kizima

Rubani alitupima kwanza kwenye mizani, sisi na mabegi yetu, kisha akatupanga kwa uzito kama magunia ya mchele. Ndivyo nilivyojikuta nimekaa bega kwa bega na mama mmoja mnene, gauni refu la maua, kikapu cha makuti mapajani, ambaye tangu tuliporuka kutoka kisiwa cha Horn alikuwa ameukazia macho ubawa wa ndege kana kwamba yeye ndiye anayeuzuia usidondoke.

Nilikuwa nimekaa Thursday Island miaka kadhaa, nikiziba nafasi za walimu waliougua na za walimu waliokimbia, lakini kisiwa tulichokuwa tunakiendea nilikuwa sijakikanyaga. Sitakitaja jina. Kina shule moja, na kila mtu katika mlangobahari wa Torres, huku kaskazini mwa Australia, angejua ninamsema nani.

"Wewe ndiye mwalimu mpya?" mama akaniuliza bila kugeuka.

"Wa muda tu, mama."

"Wote huwa wa muda. Darasa gani?"

"La tatu."

Ndege ikashuka ghafla kidogo, ikajirekebisha. "Hilo lilikuwa la mdogo wangu," akasema.

Nilichokuwa nimeambiwa ofisini ni kwamba mwalimu wa darasa la tatu alifariki miezi miwili iliyopita na kwamba watoto "wanaendelea vizuri". Nikamwambia, "Pole sana, mama. Pole kwa msiba."

Hapo ndipo alipogeuka. Alinitazama muda mrefu, uso mpana, macho makavu. "Hiyo pole," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kunipa. Na umenipa angani, ambako haihesabiki."

Uwanjani kulikuwa kumejaa watu, maana ndege ikija kila mtu ana sababu ya kuja kuitazama. Abiria wote walipokewa, wakabusiwa, wakavuliwa mabegi mikononi. Yeye hakuna aliyemsogelea. Walimwamkia kwa adabu, "Bibi Ketura, habari za Thursday," naye akaitikia, akajitwika kikapu chake. Msichana mdogo aliyekuwa anakimbia kuelekea kwenye ndege alipomwona alisimama ghafla, akarudi nyuma, akajificha kwenye gauni la mama yake.

Mwalimu mkuu, kijana wa bara aliyeitwa Callum, alikuwa amekuja kunichukua na gari la shule. "Umeshamfahamu Ketura!" akasema kwa furaha. "Yule ni hazina. Bila yeye sijui tungefanya nini mwaka huu."

Ilinichukua wiki chache kuelewa maana ya hazina ile, na gharama yake.

Ketura hakuzaliwa pale. Kwao ni visiwa vya mashariki, kule kwenye udongo mwekundu na migomba, na aliletwa na ndoa akiwa msichana, na mzamiaji wa kamba kochi aliyeitwa Enosi. Mama yao alipofariki alimleta na mdogo wake, Zipora, akiwa bado hajang'oa meno ya utoto. Akamlea. Akampeleka shule ya bweni bara, akamlilia kila mwanzo wa muhula, akampokea amerudi na shahada ya ualimu. Yeye Ketura alibaki mwalimu msaidizi: kukata karatasi, kufunga viatu, kufuta makamasi, kuwatafsiria watoto wadogo maneno ya walimu wa bara. Zipora aliolewa na Abia, wa ukoo wa upande wa gati, wakapata binti mmoja, Tabita. Enosi alifariki. Dada wawili wakabaki kuwa majirani, na uzio kati ya nyumba zao ukaoza bila mtu kuujenga upya.

Sasa, msomaji wangu wa kwetu ataelewa haraka jambo ambalo Callum hakulielewa mpaka mwisho. Sisi kwenye misiba tuna watani. Wafiwa wanakaa chini wanalia. Watani wanachimba, wanapika, wanaamrisha, hata wanachekesha. Watu wa Torres kazi hiyo wameipa wakwe. Wanaitwa mariget, na ni mashemeji na mawifi wa marehemu, watu walioungana naye kwa ndoa na si kwa damu. Wao ndio wanaoleta habari. Ukiona wakwe zako wanakuja mchana kweupe, wote pamoja, hawasemezani, hawabebi kitu, umeshajua kabla hawajafika mlangoni. Wao wanaosha maiti, wanachimba, wanalisha wageni. Baada ya mwaka, au miaka, wao tena ndio wanaosimamisha jiwe la kaburi, wanalifunga kwa vitambaa, na siku ya kulifungua wanawakalisha wafiwa mkekani, wanawalisha, na huzuni inaruhusiwa kuondoka. Mwenye damu hafanyi lolote. Kazi yake ni kufiwa.

Na Ketura, aliyeolewa katika ukoo mkubwa kuliko wote, alikuwa mkwe wa karibu kisiwa kizima. Akifa mzee, yeye ni mkwe. Akizama kijana, yeye ni mkwe. Ndiyo maana walimu wakuu, mmoja baada ya mwingine, walipoletewa na ofisi mwongozo wa kuwasaidia watoto waliofiwa, uliosema habari itolewe na mtu wanayemfahamu na kumwamini, wote walinyoosha kidole upande mmoja.

Nilimwomba siku moja anieleze alivyokuwa anafanya. Tulikuwa chumba cha walimu, anakula wali na samaki mbichi wa ndimu kwenye kibakuli.

"Nakaa chini sakafuni," akasema. "Kwenye kiti mtoto anaona magoti yako tu. Halafu nasema amekufa. Sisemi amelala. Ukisema amelala, usiku hawalali wao. Nasema yuko wapi sasa hivi, nani yuko naye, nani anakuja na boti, tutakula nini. Watoto wanataka kujua tutakula nini. Watu wazima pia, ila wanaona aibu."

"Na walimu wenzako?"

"Walimu nawapa kazi. Wewe chemsha maji, wewe fagia, wewe kamwoshee dawati lake. Mwalimu akikaa bila kazi anaanza kujililia mwenyewe mbele ya watoto, halafu inabidi watoto wambembeleze." Akalamba kidole. "Yule kijana wetu, Callum, mara ya kwanza nilimpa kumenya viazi vikuu. Alilia kwenye viazi vyote. Tulikula hivyo hivyo, vina chumvi."

Alicheka, na mimi nikacheka, na mwalimu wa darasa la kwanza aliyekuwa anapita mlangoni alipomwona Ketura anacheka akashika kifua na kusema, "Bwana asifiwe, nikadhani kuna mtu amekufa." Kicheko kikakatika.

Kilichotokea siku ya Zipora nilikipata vipande vipande, kutoka kwa wengi, na Callum mwenyewe hakunificha.

Zipora alichukuliwa na helikopta jioni, moyo. Ulikuwa moyo wa tangu utotoni, homa ya baridi yabisi, kama nusu ya watu wa visiwa hivi. Asubuhi alikuwa amefariki. Simu ya Abia ilikuwa imeingia maji; hospitali walipiga wakakosa jibu, wakapiga ofisi ya elimu, kwa kuwa marehemu alikuwa mtumishi wao. Ofisi ikampigia Callum kabla ya kengele. Dada yake Abia, Dulcie, wifi wa Zipora, mtu ambaye kwa haki ndiye wa kuibeba habari ile, alikuwa kisiwa cha jirani kwa mambo ya kanisa, na maji yalikuwa yamekupwa. Boti isingepita kwenye mwamba mpaka mchana.

Callum aliamini familia inajua. Alimwita Ketura ofisini, akafunga mlango, akamwambia. Anasema hakulia. Alishika ukingo wa meza, akauliza, "Saa ngapi?" kisha akauliza, "Nani alikuwa naye?" Callum hakujua majibu. Mwongozo ulikuwa mezani, ukisema watoto waambiwe mapema, kabla uvumi haujaanza. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wameshapanga mstari mlangoni wakimsubiri mwalimu wao.

"Nikamwambia naweza kuwaambia mimi," Callum alinieleza. "Kweli nilimwambia. Nikasema nitawaambia kwamba mwalimu wao amepumzika. Akanitazama. Akasema, 'Watakuuliza ataamka lini.' Akafungua mlango akatoka."

Akaenda akakaa chini sakafuni, kama anavyokaa siku zote. Akasema amekufa. Akasema yuko wapi. Alipofika kwenye nani anakuja na boti akakatiza, kwa maana hapo ndipo alipojisikia anachokifanya. Mstari wa mbele, miguu ameikunja, alikuwa Tabita.

Watoto ni watoto. Shule ile haina geti. Kabla Ketura hajamaliza, wawili watatu walikuwa wameshachomoka kukimbilia nyumbani kulia kwa mama zao, na mmoja aliyewafuata, wa darasa la kwanza, mdogo wa mwanafunzi wa la tatu, alipita barabara ya gati akipiga kelele kwamba mwalimu Zipora amekufa, mwalimu Zipora amekufa. Abia alikuwa pale, amefungua injini ya boti, mikono imejaa grisi. Akamsimamisha mtoto. Akamuuliza amesema nini.

Mchana maji yalipojaa, Dulcie na kaka zake walikuja. Walikuwa wamesikia kule kule ng'ambo, kwa redio ya boti, kwamba Zipora amefariki, wakajipanga, wakavaa nguo nyeusi, wakatembea kutoka gati wote pamoja bila kusema neno, kama inavyotakiwa. Wakakuta nyumba imeshajaa vilio, kahawa imeshachemshwa, watu wameshachoka kulia mara ya kwanza. Wakabaki wamesimama uani.

"Nani kawaambia?" Dulcie akauliza.

Mtu akasema, "Ketura."

"Ketura ni damu."

Kaka yake mmoja akaenda kutafuta koleo.

Maiti haiachwi. Ilipoletwa kutoka hospitali wakafanya kazi yao, wakachimba, wakaosha. Lakini Ketura alipokuja kukaa mkekani miongoni mwa wafiwa, nywele amezifumua, Dulcie alimfuata mbele ya watu wote, akamshika mkono, akamtia mwiko mkononi. "Mchele uko kule nyuma," akasema. "Si umeshaanza kazi? Malizia."

Na Ketura akaupokea. Hilo ndilo watu wote wanalolirudia, wengine kwa huruma, wengine kwa kejeli: aliupokea mwiko. Akaenda akapika wali wa msiba wa mtoto aliyemlea, akapakua, akaosha masufuria. Na kwa kuwa mpishi wa msiba hapewi pole, hakuna aliyempa. Hata kanisani alikaa upande wa wakwe.

Miezi miwili baadaye ofisi ikamtumia cheti cha shukrani kwa kuwasaidia wanafunzi na wafanyakazi katika kipindi kigumu. Callum alikisoma gwaride la asubuhi, wiki yangu ya pili pale. Watoto wakapiga makofi. Ketura alisimama mbele, amekishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, anatafuta mahali pa kukiweka.

Jioni ile akaja nilikokuwa nimepangiwa, na sinia la mkate wa moto.

"Mwalimu, wewe hapa huna damu wala huna ndoa," akasema.

"Sina, mama."

"Basi una miguu misafi. Nataka uende kwa Dulcie."

Mtu hajiombei mwenyewe kwa wakwe. Anamtuma asiye wa upande wowote, na watu wasio wa upande wowote kisiwani tulikuwa mimi na Callum.

"Nimwambie nini?"

Alikuwa ameshayapanga maneno, nadhani kwa siku nyingi. "Mwambie Ketura anakiri kwamba alichukua kazi isiyo yake. Mwambie naomba kitu kimoja tu. Siku ya jiwe, niruhusiwe kukaa mkekani. Hata pembeni. Hata mgongo kwa watu. Nikae niliwe na msiba kama watu wengine." Akaukata mkate kwa mkono. "Mimi, mwalimu, bado sijafiwa. Unaelewa? Nimebaki nacho hapa," akajigusa kooni, "kama mwiba wa samaki. Na wa kuutoa ni yeye peke yake."

Nilimkuta Dulcie barazani kwake amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye mikono ya mtu anayejua kuvuta kamba.

"Umetumwa," akasema kabla sijasalimia.

"Nimetumwa, mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, kaa. Ehee! Ketura naye leo amepata mkwe wa kumsemea. Mbona mara ile hakumtafuta?" Aliendelea kukuna. "Sema ulichobebeshwa, usije ukakimwaga njiani."

Nikasema, neno kwa neno. Alipofika mwisho wa kifuu akakitupa kwenye ndoo, akachukua kingine.

"We mwalimu una kaka?"

"Ninaye."

"Kaka yangu aliambiwa mke wake amekufa na kitoto cha darasa la kwanza. Barabarani. Mikono ina grisi. Alikishika kile kitoto mabega, mpaka leo usiku kinaota ndoto za vidole vya mtu mzima. Mimi nilikuwa nimejipanga, mwalimu. Toka kule ng'ambo nilikuwa nimejipanga nitamwambiaje. Nilijua nitamshika wapi asianguke. Zipora alikuwa wifi yangu, tumegombana sufuria, tumegombana mtoto, tumegombana hata wimbo wa kwaya. Kitu kimoja alichokuwa akinidai ni kile. Kuja kwa miguu yangu kusema. Ketura kakichukua." Akapuliza machicha kwenye kidole. "Na wala hakukitaka. Hiyo ndiyo inayoniuma. Kakichukua kwa mazoea tu, kama mtu anayevaa kandambili za mwenzake mlangoni."

"Anakiri, mama."

"Nimesikia anakiri. Nina masikio."

"Alimwona mwalimu mkuu anataka kuwadanganya watoto."

"Angewadanganya! Watoto wangedanganyika mpaka mchana, mimi nimefika. Kwani uongo wa saa chache umemuua nani?" Sauti ilikuwa imepanda, ndani mtu akakohoa, na nikajua Abia yuko ndani, anasikia yote. Dulcie akaishusha. "Jiwe litasimama. Kamwambie hivyo, asije akasema tumemtupa marehemu. Zipora hana kosa. Litakuwa jiwe zuri, tutaweka na picha yake. Na jikoni nafasi ipo. Nguva atakuwepo, kasa atakuwepo, watu watakuwa wengi, hatuwezi kukataa mikono inayojua kazi."

"Na mkekani?"

"Mwalimu, mkekani anakaa aliyeambiwa. Yeye aliambia."

Nilirudi kwa njia ya ufukweni, polepole, nikijaribu kuyapunguza makali maneno yale, nikashindwa. Ketura alinisikiliza amesimama mlangoni. Nilipomaliza akatikisa kichwa mara kadhaa.

"Jikoni," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Yuko sahihi. Ndiyo maana hata kumchukia siwezi kumchukia vizuri." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilidhani angekubali. Alikuwa mtu wa kukubali. Alikuwa ameupokea mwiko, angeupokea tena. Na pengine angeupokea, kama si mkasi.

Ilikuwa siku ya kawaida, saa za hesabu. Nilikuwa nimewagawia watoto maharage ya kuhesabia, darasa lina kelele nzuri, ile ya watu wanaofanya kazi. Mlango ukafunguliwa, Ketura akasimama pale. Watoto wadogo wa chumba cha jirani walikuwa wanatengeneza samaki wa karatasi; alikuwa amekuja kuazima mkasi.

Kelele ilizimika yote kwa pamoja. Sijawahi kusikia darasa likinyamaza hivyo, hata kwa fimbo. Maharage yakaacha kugonga meza. Wakaitazama mikono yake. Kisha Tabita, aliyekuwa dawati la dirishani, akatia vidole masikioni, akafumba macho, akaanza kuimba kwa nguvu wimbo wa Jumapili, bila lahani, ili asisikie.

"Nimekuja kuchukua mkasi," Ketura akasema.

"Nani, bibi?" akauliza mtoto mmoja wa mbele.

"Hakuna mtu."

"Ni babu yangu?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Mkasi tu."

"Bibi, ni nani?"

Alikuwa amebaki mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa. Alitazama kule dirishani, ambako wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio na kuanza upya. Alikunja magoti kidogo, ile namna yake ya kujiandaa kukaa sakafuni, mazoea tu, na alipoanza kushuka watoto wawili wakaanza kulia. Akajinyoosha haraka. Nikampelekea mkasi. Aliupokea, akasema asante mwalimu, akafunga mlango kwa upole mkubwa.

Wimbo uliendelea muda mrefu baada ya hapo. Nilikwenda kumgusa Tabita bega; alifungua macho, akatazama mlangoni kwanza, ndipo akatoa vidole.

Mchana Callum alikuja chumba cha walimu na uso wa mtu aliyepewa kazi ngumu na watu wa mbali. Aliketi mbele ya Ketura, akakunja mikono.

"Ketura, nimeongea na ofisi. Kuna huduma ya ushauri, kwa simu, ya siri kabisa. Unaongea na mtaalamu."

"Nimeshaongea naye."

"Kweli? Vizuri sana! Ilikuwaje?"

"Msichana wa Brisbane. Sauti nzuri. Aliniuliza huzuni yangu, kuanzia moja mpaka kumi, ni ngapi."

"Ukamwambia ngapi?"

"Nikamuuliza yeye ana wifi?" Akasubiri. "Hana. Bado hajaolewa. Tukaongea habari za mchumba wake mpaka salio likaisha."

Mwalimu wa darasa la kwanza alicheka hadi chai ikampalia. Callum hakucheka. Ni kijana mwenye nia njema, na nia njema yake ndiyo iliyompeleka pabaya tena. "Nilichokuwa nafikiria," akasema, "ni kona ya kumbukumbu. Ya mwalimu Zipora. Benchi, maua. Watoto waweke mawe waliyoyapaka rangi. Na wewe ndiye ungefaa kuongea nao siku hiyo. Wanakuamini."

Niliona mwalimu wa darasa la kwanza anautazama ukuta.

"Wananiamini," Ketura akasema. "Kabisa. Nikifungua mlango wanaamini mtu amekufa."

"Sikumaanisha..."

"Najua, baba. Wewe humaanishi kitu kibaya hata siku moja." Akainuka, akaosha kikombe chake, akakifuta, akakirudisha kabatini, na vya wengine pia, kwa sababu vilikuwa pale. "Natafuta mtu wa kunifundishia watoto wadogo kufunga viatu. Mimi naenda kwetu."

"Likizo? Likizo tunaweza kuipanga, ingawa kwa msiba wa dada, kwa utaratibu, zinahesabiwa siku chache na zimeshapi..."

"Si likizo."

Alinieleza usiku wa kuamkia kuondoka kwake, au tuseme hakunieleza, alikuwa anafunga mizigo nami nikimshikia kamba. Kwao mashariki, alisema, ukoo wake umejaa kisiwa upande hadi upande. Hakuna nyumba ambayo yeye ni mkwe wake. Akifa mtu, yeye ni damu. Hataruhusiwa kushika hata kijiko. "Nitakaa mkekani mpaka nyama za makalio zife ganzi," akasema. "Nitawalilia watu nisiowajua. Na katikati, pale, kama hakuna anayeangalia, nitamchomekea na Zipora."

"Na siku ya jiwe?"

"Jiwe litafunguliwa. Litakuwa zuri, amesema lina picha." Alivuta kamba, akaifunga fundo la mabaharia. "Nikiwepo, watu wote watakuwa wanaangalia jikoni. Watamwangalia Dulcie ananiangalia mimi. Tabita ataziba masikio. Nani atamwangalia Zipora? Acha wamfungue wenyewe."

"Utakuwa hujafiwa, mama."

"Eh," akasema. "Hivyo hivyo."

Mpwa wake alikuja kumchukua kwa boti kutoka mashariki, asubuhi, maji yamejaa. Ilikuwa wakati wa mapumziko, na kutoka gati shule inaonekana, kwa hiyo watoto walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa uwanja. Walimu waliweza kushuka. Watu wa ukoo wa Enosi walishuka, wakambusu, wakamlilia kiasi cha mtu anayesafiri. Dulcie hakushuka. Alikuwa barazani kwake, panaonekana vizuri pia, anaanika mashuka, na alichukua muda mrefu sana kwenye shuka moja.

Nilishika sanduku lake kubwa nimpelekee botini.

"Liache chini, mwalimu."

"Ni zito, mama."

"Najua uzito wake. Hapa kila mtu ananijua kwa kubeba, usije ukawachanganya." Akaliinua, akashuka nalo ngazi za gati pole pole, ngazi zenye utelezi, akimkatalia na mpwa wake aliyekuwa amenyoosha mikono. Akalipakia mwenyewe. Akakaa katikati ya boti, akavuta gauni magotini.

"Darasa lako wasimalize maharage," akaniambia. "Wanayala yakiwa mabichi, wanaumwa tumbo."

"Nitawaangalia."

"Na akifa mtu?"

Niligeuka kuwatazama watoto ukingoni mwa uwanja. Aliona.

"Uliza kwanza mkwe wake ni nani," akasema. "Kabla hujafungua mdomo. Kabla hujamuuliza Callum. Hata kama watoto wamepanga mstari."

Mpwa akavuta kamba ya injini, ikakohoa, ikawaka. Boti ikageuza kichwa. Kule uwanjani hakuna mtoto aliyepunga mkono. Walikuwa wanahakikisha tu kwamba anakwenda. Alipopita mwamba wa nje nilimwona amejifunika kichwa kwa kanga yake, na kwa umbali ule sikuweza kujua kama ni kwa ajili ya jua au ameanza kufiwa. Kengele ikalia nyuma yangu, nikapanda kwenda darasani.